Homoni za Kike na Hatari ya Saratani ya Matiti

Neno homoni limeingia katika Kiswahili kutoka Ulaya. Mwaka 1905 Ernest Starling, mwanachuoni wa Uingereza, alilitoa katika Kiyunani, katika kitenzi chenye maana ya kuamsha au kusukuma. Wengine huita kichocheo, na tafsiri hiyo ni njema: mwenye kuchochea moto husukuma kuni zilizokwisha kuwapo jikoni. Maana hiyo yafaa ishikwe, kwani bila yake haifahamiki vema namna homoni za kike zinavyohusiana na saratani ya matiti.

Zilizo kubwa ni mbili, estrojeni na projesteroni. Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, hutoka zaidi katika ovari, zikachukuliwa na damu mpaka matitini. Ndani ya chembe za matiti mna vipokezi. Homoni ikishikana na kipokezi chake, chembe husukumwa kugawanyika. Jambo hili si ugonjwa, bali ndivyo matiti yanavyokua na kutayarishwa kunyonyesha. Walakini kila chembe igawanyikapo, maagizo yake ya urithi hunakiliwa upya, na kosa laweza kuingia katika nakala. Makosa yakilimbikana, chembe yaweza kuasi, na homoni huichochea hiyo nayo kama zile njema.

Dalili ya wazi ilitoka Glasgow. Mwaka 1896 daktari mpasuaji George Beatson alieleza jinsi alivyowaondolea ovari wanawake wenye saratani ya matiti iliyokithiri, na uvimbe ukanywea. Wakati huo jina homoni lilikuwa bado kutungwa.

Kwa hiyo hatari hufuata kadiri na muda wa kuchochewa. Aliyevunja ungo mapema, au aliyechelewa kukoma hedhi, huwa na hatari kubwa kidogo kuliko wenziwe. Baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili ndiyo yatengenezayo sehemu kubwa ya estrojeni, na unene huzidisha hatari. Kunyonyesha huipunguza: uchunguzi wa mwaka 2002, uliokusanya habari za nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza kwa asilimia 4.3.

Kadhalika homoni za dawa. Mwaka 2002 huko Marekani jaribio lenye wanawake 16,608 waliokoma hedhi lilisimamishwa kabla ya muda wake. Waliopewa estrojeni pamoja na projestini, yaani dawa ifanyayo kazi kama projesteroni, walipata saratani ya matiti 38 katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 30. Hatari iliongezeka kweli, lakini kwa kila mmoja nyongeza ilikuwa ndogo.

Basi asemaye kwamba homoni "huleta" saratani amefupisha mno. "Huchochea" ni kitenzi kilicho sahihi zaidi. Tofauti hii haiwahusu wanalugha peke yao. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba mwili wake ndio uliomletea maradhi hujilaumu bure. Aliyeelezwa vema hufahamu kwa nini, ikiwa saratani yake ina vipokezi vya homoni, hupewa tamoksifeni, dawa izibayo kipokezi cha estrojeni, aimeze kwa miaka 5 au zaidi hata uvimbe ukiisha kukatwa: kuni chache zaweza kuwa zimesalia, nazo hazifai kuchochewa.