Trei Moja Huenda, Nyingine Hubaki

Vitu vingi vinavyopotea kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege haviibiwi. Husahauliwa na wenyewe. Nchini Marekani, mwaka wa fedha wa 2019 pekee, abiria waliacha zaidi ya dola 900,000 kwenye vituo vya ukaguzi. Sheria ya huko inairuhusu TSA, idara inayosimamia kazi hiyo, kuzitumia fedha zisizodaiwa kwa shughuli za usalama. Anayeacha chenji yake, basi, ametoa mchango bila kuombwa.

Chanzo ni jinsi ukaguzi wenyewe unavyokwenda. Kwenye skrini ya eksirei, nguo, karatasi na vyakula huonekana kwa rangi ya chungwa, chuma kwa bluu. Kompyuta mpakato hufunika vilivyo chini yake, ndiyo maana mashine nyingi za zamani hutaka itolewe begini. Mkaguzi akiitilia shaka trei moja, trei hiyo husukumwa pembeni ikapekuliwe kwa mkono, zile nyingine zikiendelea na safari. Hapo ndipo mali ya mtu mmoja hutawanyika: simu na saa zimeshafika ng'ambo, begi limezuiwa, na mwenyewe yuko kwenye mlango wa kupimia chuma akiambiwa arudi avue mkanda. Akili yote huhamia kwenye begi. Likishapekuliwa na kurudishwa, abiria hushusha pumzi na kwenda zake, huku saa imelala kwenye trei ya kwanza, na juu yake mtu ameshapanga trei tupu.

Kwa hiyo punguza vipande. Kabla hujaingia foleni, tia simu, saa, funguo na pochi ndani ya begi, kwenye mfuko wenye zipu. Eksirei haidhuru simu. Fanya hivyo mapema, kwa sababu viwanja vingine vina ukaguzi zaidi ya mmoja. Katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, abiria hushushwa garini wakakaguliwa kabla hata ya kufika jengo la abiria, kisha hukaguliwa tena humo ndani. Anayejaza mifuko upya baada ya kila mashine anajitafutia balaa.

La pili, usisukume begi mashinani kama zamu yako ya kupita haijafika. Kuna ujanja wa zamani wa wezi wawili: mmoja hutangulia, mwingine hukukata mbele kwenye mlango huku amejaza vyuma mwilini, kengele inalia, anarudishwa, inalia tena. Wewe umekwama nyuma yake. Kompyuta yako imeshapata mwenyeji mpya. Ukiitwa pembeni kupekuliwa, mwombe mkaguzi akuwekee vitu vyako mahali unapoviona. Si utovu wa adabu. Wazazi wanaosafiri pamoja na watoto wagawane: mmoja atangulie kupokea, mwingine afunge msafara.

Ukigundua umeacha kitu, rudi kwanza kwenye kituo kilekile cha ukaguzi. Kaunta ya shirika la ndege kwa kawaida haihusiki, na kilichookotwa hatimaye hupelekwa ofisi ya vitu vilivyopotea ya uwanja au ya idara ya ukaguzi. TSA huvihifadhi kwa siku zisizopungua 30. Huko utatakiwa kuthibitisha kuwa simu ni yako, na simu nyeusi zimejaa kabatini. Kwa hiyo, kabla ya safari, bonyeza *#06#, na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, itatokea. Iandike kwenye karatasi utakayobaki nayo.