Nanga ya pili

Wasomaji wa pwani mtaniwia radhi, kwani leo nataka kuwatoa baharini niwapandishe mlimani, kisha niwatoe mlimani niwapandishe angani. Mambo yenyewe yametokea Embu na Meru, huku chini ya Mlima Kenya nilikohamia kutafuta riziki ya ufundi wa umeme, baada ya miaka mingi ya kufunga nyaya katika maboti ya Mombasa. Lakini somo lake ni la kwetu sote, awe mtu yu chomboni, yu msikitini au yu kitandani kwake.

Yafaa nianze na aibu yangu mwenyewe, ili asije mtu akadhani nimeketi kuwafundisha wenzangu.

Mwaka 2022, mwezi wa Ramadhani uliangukia Aprili, na Aprili huku Embu ni mwezi wa masika. Mvua ikinyesha, umeme haukawii kukatika. Jamaa wa msikiti mmoja wakaniomba niwafungie umeme wa akiba, ili taa na vipaza sauti visizimike katikati ya tarawehe. Nikawawekea inveta na betri mbili. Nikajisifu: "Maalim, hata betri moja ikifa, ya pili ipo." Maalim akaniombea dua, nami nikaenda zangu kifua mbele.

Usiku wa tisa umeme ulikatika. Taa ziliwaka kwa muda kitambo kidogo, halafu giza tupu. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka barazani alikosa ngazi, akaanguka, akavunjika mkono. Nilipokwenda na kurunzi yangu nilikuta betri zote mbili nzima, zimejaa moto kama siku nilipozifunga. Kilichoungua ni swichi. Nilikuwa nimezipitisha betri mbili katika swichi moja, na swichi ilipokufa, betri mbili zilikuwa sawa na hakuna betri.

Mkono wa mzee yule ulipona, alhamdulillahi. Yeye mwenyewe alinisamehe kabla sijaomba. Mimi sijajisamehe bado, na ndiyo sababu ya makala haya.

KIJANA WA NDEGE

Miezi michache baadaye alinijia kijana mmoja kutoka upande wa Meru, fundi wa magari, Mmethodisti kama walivyo wengi wa kwao. "Mzee," akaniambia, "nimesikia ulikuwa ukifunga umeme wa maboti. Nataka unitazamie chombo changu." Nikamwuliza boti ataipeleka wapi, Meru hakuna bahari. Akacheka. "Si boti, mzee. Ni ndege."

Msicheke, ndugu zangu. Ndege za kujiundia nyumbani si jambo la kichaa. Huko Marekani, Paul Poberezny aliunda chama cha watu wa namna hiyo katika jimbo la Wisconsin mwaka 1953, na leo ndege zilizoundwa katika mabanda na gereji za watu binafsi ni maelfu kwa maelfu. Hapa kwetu Kenya, jina lililovuma katika magazeti miaka ya 2010 ni la Gabriel Nderitu, fundi wa kompyuta kutoka Nyeri, ng'ambo ya pili ya mlima huu huu, aliyekuwa akiunda ndege uani kwake huku majirani wakimtazama. Sheria nayo ipo: ndege ya namna hiyo hairuki mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga iikague na kuipa ruhusa.

Basi nikapanda matatu hadi Meru. "Muga!" akanisalimu kwa lugha yao, akanifungulia banda la mabati. Ndani, baina ya magunia ya kahawa na injini kuukuu, ilisimama ndege ndogo ya viti viwili, imeegemezwa juu ya magogo, haina rangi bado. Injini yake ilikuwa ya gari. Nikamwuliza akiimaliza ataipeleka wapi. Nilitazamia kusikia Nairobi. Akasema: "Manda."

Hapo niliketi juu ya gunia.

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa, walikotawaliwa na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu, mpaka wakatoroka usiku kwa kuvuka maji na kuanza safari ndefu ya kuja bara. Baadhi ya wanahistoria wanadhani Mbwaa hiyo ni Manda yetu, inayokabiliana na Lamu. Kijana yule alisikia habari hizo kwa babu yake. Walioondoka kwa miguu na machozi, yeye alitaka kurudi kuwatazamia kisiwa chao kwa mbawa.

MOYO WA UMEME

Safari ya Meru hadi Manda kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 440. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa ni karibu saa tatu, na sehemu kubwa ni nchi kavu ya vichaka, ambako mtu akitua vibaya hataonekana upesi. Nikamwuliza: "Umeme ukikufia katikati, itakuwaje?"

Swali hilo si dogo. Injini za ndege za zamani, na nyingi zirukazo hata leo, hujitengenezea cheche zenyewe kwa magneto mbili zinazozungushwa na injini. Betri ikifa, taa zikazimika na redio ikanyamaza, injini huendelea kunguruma kana kwamba haijui lolote. Rubani atasumbuka, lakini atafika. Ama injini ya gari ya siku hizi ni kitu kingine kabisa. Pampu yake ya mafuta ni ya umeme, cheche zake ni za umeme, na kompyuta inayoipimia mafuta ni ya umeme. Gari likizimika njiani unalisukuma kando. Angani hakuna kando.

Pia kuna huo mlima. Mlima Kenya una mita 5,199, na siku nyingi hujifunika mawingu kabla ya adhuhuri. Tarehe 19 Julai 2003, ndege iliyokodiwa kuja Samburu iligonga kilele cha Lenana na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Sisemi ile ilikuwa habari ya umeme. Nasema tu kwamba hapa si mahali pa rubani kupotewa na vipimo vyake.

Kijana akanijibu kwa furaha: "Nimejiandaa, mzee. Nina betri mbili."

Moyo wangu ukanipiga paa. Nikamwambia awashe injini. Ikawaka vizuri, banda zima likatetemeka. Nikainama chini ya kiti na spana, nikafuata nyaya nyeusi za hasi za betri zote mbili kwa kidole. Zote ziliishia kwenye nati moja, zimebanwa pamoja katika bodi. Nikailegeza nati ile, nikazivuta.

Injini ilikufa hapo hapo. Kimya. Kuku tu ndio waliosikika nje.

Kijana alinikasirikia. Alisema nati hiyo ameikaza mwenyewe, haiwezi kulegea, na kwamba mimi nimeilegeza kwa makusudi. Nikamwambia, "Mwanangu, na swichi yangu ya msikitini niliikaza mwenyewe." Nikamsimulia habari za mkono wa mzee. Hakusema neno muda mrefu. Kisha akaleta chai.

HESABU

Tulianza upya, na kazi yetu ya kwanza haikuwa ya spana bali ya kalamu. Tuliandika kila kitu kinachokula umeme katika ndege ile. Vyote vikiwaka pamoja vilikula ampea 22. Halafu nikamwuliza: dainamo ikifa, ni kipi usichoweza kuruka bila chacho? Alitaja vingi, nami nikawa nakata. Taa za nje? Mchana huzihitaji. Skrini ya pili? Moja yatosha. Redio kubwa? Chukua ndogo ya mkononi yenye betri yake, haitegemei chochote cha ndege. Mwisho tulibaki na pampu, cheche pamoja na kompyuta yake, na kipimo kimoja: ampea 8.

Betri yake ilikuwa ya saa-ampea 17. Kwa kuwa betri hutoa pungufu inapokamuliwa haraka, kwa mzigo wa ampea 22 ingempa kiasi cha nusu saa tu. Kwa ampea 8 ingempa saa moja na nusu hivi, na hiyo ni betri mpya. Betri ikizeeka hupoteza nguvu kimya kimya huku ikiendelea kuwasha injini kila asubuhi, hata mwenyewe asijue. Kwa hiyo betri ya ndege hupimwa kila mwaka kwa kuikamua kwa mzigo na saa mkononi, na isipofikisha muda wake hutolewa.

Vile vitu vya lazima tukavitenga katika kibao chao. Bwana Robert Nuckolls wa Kansas, ambaye kitabu chake juu ya umeme wa ndege ndogo kinasomwa sana na waundaji wa nyumbani, ndiye aliyeueneza mpango huu. Kibao hicho hupata umeme kwa milango miwili. Wa kwanza hutoka kibao kikubwa kupitia dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kama vali ya pampu ya maji. Wa pili hutoka betrini moja kwa moja, kwa waya wake na swichi yake. Kibao kikubwa kikipatwa na hitilafu, rubani hukizima chote kwa swichi kuu na kufungua mlango wa pili.

Lakini saa moja na nusu haifikishi mtu Manda. Tukaongeza dainamo ndogo ya ampea 8, isiyoshiriki mkanda, waya wala swichi na ile kubwa. Betri nazo tukazitenga, kila moja na hasi yake mahali pake. Mwisho tukaweka taa nyekundu mbele ya macho yake, inayowaka nguvu ikishuka chini ya volti 13. Kwani dainamo ikifa bila taa hiyo, rubani huendelea kuruka kwa raha akiila betri yake, na habari humfikia siku ambayo hakuna cha kuokoa.

Ndugu msomaji, mambo haya si mageni kwetu. Nahodha wa jahazi hakutweka tanga akiwa na nanga moja. Alikuwa na ya pili, na kila nanga ilikuwa na kamba yake. Nani aliyewahi kuona nanga mbili zikafungwa kwa kamba moja? Kamba ikikatika zote zimekwenda. Wazee wetu wasiosoma hesabu za ampea walilijua hilo, nami niliyezisoma nikalisahau.

GIZA LA IJUMAA

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu yote iliingia gizani. Huku Embu watu walitazamana. Mkoa huu ndio wenye mabwawa ya mto Tana: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Mtu aishi ubavuni mwa mtambo wa umeme na bado akatafuta kibiriti! Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta majenereta ya akiba yalikuwepo, lakini abiria walikaa gizani, na waziri akaomba radhi kwa umma.

Kijana alinipigia simu usiku ule ule. "Mzee," akasema, "nati moja." Hakuongeza neno.

Hapo nilimkumbuka Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, Mwislamu wa Andalusia wa karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari anaeleza kwamba alijitengenezea mbawa, akaruka umbali wa kustaajabisha, lakini wakati wa kutua aliumia mgongo, kwa sababu hakujitengenezea mkia. Alikuwa na akili nyingi na moyo mkubwa. Ila hesabu yake ilikuwa ya kwenda juu, na ya kurudi chini aliisahau.

Wapo watakaosema kwamba ajali ni kadari, na tahadhari nyingi ni upungufu wa imani. Hasha. Sote tumefundishwa habari za yule bedui aliyemwacha ngamia wake huru akidai amemtegemea Mungu, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mwenye kufunga ngamia wake kwa kamba iliyooza naye hajafunga.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Meru. Ndege imepakwa rangi nyeupe, lakini bado haijaruka, wakaguzi hawajaja. Kijana aliwasha injini, kisha mwenyewe, kwa mkono wake, akazima swichi kuu. Taa nyekundu ikawaka. Akafungua mlango wa pili. Akaing'oa na nati ile ile ya zamani, akanitia mkononi. Injini iliendelea kunguruma. Tulikaa juu ya magunia tukiisikiliza mpaka wakati wa adhuhuri ulipoingia, akanionyesha mahali safi pa kuswalia, naye akabaki kuitazama saa.

Nati hiyo ninayo mfukoni ninapoandika. Na msikiti ule wa Embu sasa una swichi mbili.