Kutoka Mhunze Hadi Ukingo wa Mto Thames

Ndugu msomaji, kijana wa Mhunze anapopata nafasi ya kwenda London kwa masomo, wazazi huuliza atakula nini, atasali wapi, na atarudi akiwa mtu wa namna gani. Swali la mwisho ndilo zito, nalo ni la zamani.

Mwezi Juni 1875 Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliuzuru mji huo. Hakwenda kwa moyo mweupe. Miaka miwili nyuma Waingereza walikuwa wametishia kuizingira Zanzibar kwa manowari mpaka akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na sasa hao hao walikuwa wenyeji wake. Alionana na Malkia Victoria huko Windsor. Katibu wake, Zahir bin Said, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu, na kitabu kikachapishwa.

Mji aliouona ulikuwa umetoka kwenye aibu. Mwaka 1858 uvundo wa Thames ulizidi hata wabunge wakashindwa kukaa kwa raha katika jengo lao lililo ukingoni, kwani maji machafu ya mji mzima yalimwagwa mtoni, na mtoni humo humo wengi walichota ya kunywa. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikubwa chini ya ardhi, na mwaka 1870 ukafunguliwa ukuta wa mto wenye barabara juu yake, ambapo wageni hutembea hata leo. Barghash aliporejea aliwavutia watu wa mjini Zanzibar maji safi ya chemchemi kwa mabomba. Kwamba fikra hiyo aliitoa London, sithubutu kusema. Alikwisha kuishi Bombay pia. Lakini sisi wa Kishapu, tunaoijua kiu ya kiangazi, tunaelewa kwa nini alichagua maji.

Kuhusu sala, mgeni ajiandae. Mwezi Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, hali Mhunze Magharibi huingia kabla ya saa 1. Misikiti ipo: ule wa Regent's Park ulikamilika 1977, na wa Whitechapel ulifunguliwa 1985.

Wengi pia huenda Mnara wa London, ngome ya karne ya 11 iliyo kando ya mto, kutazama vito vya Taji. Mtoto wa Kishapu asilitafute humo jiwe la nyumbani kwao. Almasi ya waridi iliyochimbwa Mwadui mwaka 1947, yenye karati 54.5, alitunukiwa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilichongwa huko London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Hiyo ilikuwa mali yake binafsi, wala haimo katika vito vya Mnara.