Fanfari ya batoto betu: ilipiga muzuri ao hapana?

Siku ya posho jioni, mu kiwanja ya masomo ya kampi yetu, fanfari ya batoto ilipiga mbele ya bazazi. Batu balijaa mpaka ku ukuta. Ba mama balileta viti kutoka ku nyumba, na bale ba zamu ya muchana balifika na boti zabo za kazi ku miguu. Bote balipiga makofi. Lakini kesho yake, ku robine na ku mulango ya kantini, maneno ilikuwa mbalimbali. Bamoja banasema batoto balitupa furaha. Bengine banasema franga zetu zilipotea bure. Juu bazazi njo balichanga, mwezi kwa mwezi, kwa kununua trompeti mbili na kutengeneza tamburi kubwa, na siku ya yenga inayokuja tutakata shauri kama tuendelee kuchanga ao tuache.

Mimi nilisikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho. Zamani nilipiga trombone ku masomo, basi nitasema vile masikio yangu ilisikia.

Mwimbo wa kwanza, ile ya kutembea, ilikuwa mubaya. Tusifiche. Trompeti zilikuwa juu, tuba chini, sawa batu babili banabishana. Lakini kosa haikuwa ya batoto. Tuko mu mwezi wa sita, na jua ikisha kushuka, baridi ya Katanga inaingia mpaka mu mifupa. Hewa ya mu chombo ikiwa baridi, sauti inashuka. Trompeti ni ndogo, inapata moto upesi. Tuba ni kubwa, inakawia. Na batoto balisimama pale karibu saa nzima, byombo mikononi, bakingojea bakubwa bamalize hotuba zabo. (Hotuba tano! Ya tatu na ya ine zilisema neno moja.) Ingefaa bapulize pumzi ya moto ndani polepole, bila kutosha sauti, mbele ya kuanza.

Kosa ya pili ni yabo kweli. Kijana wa tamburi kubwa iko na nguvu, lakini alikuwa anaangalia batu, haangalie mukono ya mwalimu. Akaanza kukimbia, na bale ba trombone bakabaki nyuma. Baba zake banajua hii: ku shimo, mwenye kushusha kaje haangalie sura za batu, anasikiliza kengele. Basi bamufundishe vile ku nyumba.

Kisha bakapiga mwimbo wa kanisa, polepole. Hapo niliweka kofia chini. Kupiga kwa nguvu kila mutu anaweza. Kupiga kwa sauti ndogo, bote pamoja, bila kuyumba, njo kazi. Walivuta pumzi mara moja, walinyamaza mara moja. Mutoto mwanamuke wa trompeti ya kwanza alipanda ku nota ya juu, ikavunjika mu midomo yake. Hakusimama, hakucheka, hakuangalia chini. Alirudilia ile nota na akaikamata. Bazee bale balikuwa banaongea nyuma balinyamaza.

Baba mumoja jirani yangu aliniuliza hii byombo binafanywa na nini. Nikamujibu: shaba na zinki, bikichanganywa. Akacheka: «Kumbe ile ya Kipushi!» Ni kweli, zamani kule bintu byote bibili bilikuwa binatoka mu shimo moja.

Sasa juu ya franga. Kwa mawazo yangu hazikupotea, lakini kuchanga tena kwa kununua trompeti ingine ingekuwa ujinga, wakati piston za tuba zinakwama na trombone moja iko na kishimo mu bomba, haiteleze. Kichupa kidogo cha mafuta kingetosha kwa tuba. Na jambo kubwa kupita: batoto bana mazoezi mara moja tu kwa juma, sababu saa kumi mulinzi anafunga klasi na kwenda na ufunguo. Tuombe ule ufunguo mbele ya kuomba kitu kingine.

Mukutano ni kisha misa ya pili, mu klasi ya sita. Bafundi ba atelie mwenye kujua kunyoosha shaba balete nyundo ndogo. Trombone itakuwa pale ku meza.