Kwikwi: Zuia Pumzi Yako, Usimzibe Mtoto Pua

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limekupata. Umetoka kuchuma chai hapa Matwebe. Una njaa. Unakula ndizi za moto upesi upesi. Mara, "kwik!" Kwikwi imekushika.

Kwikwi hutoka wapi? Chini ya mapafu kuna msuli mpana. Msuli huu hutenga kifua na tumbo, na hutusaidia kuvuta pumzi. Ukila haraka, au ukinywa pombe nyingi, msuli unaweza kushtuka. Pumzi huingia ghafula na koo hujifunga. Hapo ndipo sauti hutoka.

Fanya hivi. Kaa chini. Vuta pumzi, kisha izuie huku ukihesabu moja mpaka kumi. Itoe polepole. Pumzika, halafu rudia mara mbili au tatu. Hewa chafu ikizidi kidogo mwilini, msuli huweza kutulia. Kunywa maji kwa mafunda madogo pia husaidia. Ukisikia kizunguzungu, acha mara moja. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu asizuie pumzi.

Sasa jihadhari. Usimfunike mtu kichwa kwa mfuko wa plastiki. Mtu akikosa hewa hufa kwa dakika chache. Usimzibe mtoto mchanga pua wala mdomo. Kwikwi ya mtoto mchanga si ugonjwa. Hata akiwa tumboni mwa mama yake huipata. Mbebe wima begani, mpapase mgongo mpaka acheue. Wako wanaombandika uzi uliolowa kwenye paji la uso. Uzi huo hautibu kwikwi, na ukiingia kinywani unaweza kumkaba.

Kwikwi nyingi huisha zenyewe. Zikizidi siku mbili, usingoje. Huenda ni dalili ya ugonjwa wa tumbo, figo au ubongo. Nenda zahanati. Ikibidi, utapelekwa hospitali mjini Tukuyu.

Huko Marekani, mtu mmoja aitwaye Charles Osborne alishikwa na kwikwi mwaka 1922, alipokuwa akipima uzito wa nguruwe. Hazikukoma mpaka mwaka 1990. Hiyo ni miaka 68! Ni wachache mno wanaopatwa hivyo.

Ndugu msomaji, pumzi ni uhai. Zuia yako mwenyewe, tena kwa muda mfupi. Ya mwenzako usiizuie.