Pikipiki ya Boma: Injini Rahisi au Injini Yenye Nguvu?



Kila mvua zinapokuwa nzuri na ng'ombe wakapata bei mnadani, swali ninaloulizwa zaidi siyo la kupe wala la minyoo. Naulizwa: "Daktari, ninunue pikipiki gani?" Mmoja hunionesha kwenye simu picha ya pikipiki ndefu ya cc 250, tangi limevimba kama nundu ya fahali. Mwingine anaogopa kwamba ile ya cc 100 aliyonayo jirani itakwama kwenye mchanga na mzigo wa maziwa.

Ninalijibu hapa kwenye kipeperushi cha mifugo kwa sababu ni jambo la mifugo. Fedha ya pikipiki ni ng'ombe waliotoka zizini. Na ikishafika bomani, ndiyo inayopeleka maziwa sokoni, ndiyo inayomfuata mtaalamu ndama anapokwama tumboni usiku, ndiyo inayobeba chanjo. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka siku ya kuchanja. Chanjo ya ndigana kali ni ngumu zaidi: hutunzwa ndani ya mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali mno, na ikishayeyushwa lazima iishe ndani ya saa chache. Pikipiki ikizimika korongoni saa saba mchana, barafu inayeyuka na chanjo inakufa. Chanjo iliyokufa haijulikani kwa macho. Ng'ombe atachomwa sindano, mfugaji atalipa, na ugonjwa utaingia vilevile.

Kwa hiyo usianze kuuliza pikipiki ipi ina mbio. Uliza ipi itafika, na ikishindwa kufika, nani ataitengeneza na kwa kifaa cha kutoka wapi.

cc ni nini

cc ni ukubwa wa nafasi ambamo pistoni inapanda na kushuka. Nafasi ikiwa kubwa, mafuta mengi zaidi huungua kwa mpigo mmoja na nguvu huongezeka. Pikipiki za kazi za cc 100 hutoa nguvu za farasi karibu 8. Za cc 125 hutoa karibu 10, na za cc 150 karibu 12. Zile za cc 200 na 250 hupanda hadi 15, 20 au zaidi, kutegemea zilivyoundwa.

Lakini namba hiyo ya nguvu za farasi hupimwa injini ikiwa inazunguka kwa kasi kubwa, kama mtu anayekimbia lami. Wewe huendi hivyo. Wewe unapita kwenye udongo mweusi wa mbuga ukiwa gia ya kwanza au ya pili, polepole, na madumu nyuma. Hapo unachohitaji ni nguvu ya kuvuta injini ikiwa inazunguka polepole. Injini nyingi ndogo za kazi zimeundwa hivyo makusudi. Baadhi ya zile kubwa za mbio hazina uvutaji mpaka uzipigie kelele.

Ndani ya injini kuna nini

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba katika nchi kama zetu watu wanabeba mizigo mizito, wanapita vumbini na hawabadilishi oili kwa wakati, na injini za aina iliyokuwepo zilikuwa zinaharibika juu, kwenye kichwa. Basi wakaunda injini ambayo valvu zake husukumwa na fimbo mbili nyembamba kutoka chini. Haina ile cheni ndogo ya ndani ambayo mafundi huiita taimingi cheni. Kichwa chake ni chepesi kufungua, na kurekebisha valvu ni kazi ya spana na kipimo chembamba. Pikipiki nyingi za Kichina zinazouzwa kwetu zimefuata muundo huo, na ndiyo maana fundi wa chini ya mti anaifungua akiwa anapiga hadithi.

Aina ya pili ndiyo iliyo kwenye Boxer na TVS HLX zinazoonekana kila kijiwe cha bodaboda. Hizi valvu zake huendeshwa kutoka juu, na taimingi cheni hupanda mpaka kichwani. Inazunguka vizuri zaidi na hula mafuta kidogo. Masharti yake ni oili. Oili ikipungua au ikichoka, sehemu ya juu ndiyo huumia kwanza kwa sababu iko mbali na oili ya chini. Ukisikia mlio wa kukwaruza kama panya kwenye bati upande wa cheni, usisubiri mnada ujao. Injini hizi nyingi hubeba takriban lita 1 tu ya oili, kwa hiyo ikivuja robo lita umepoteza robo ya damu yake. Pima kila wiki, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Aina ya tatu ni zile zenye nguvu zaidi: zimepozwa kwa maji ya rejeta, zina valvu nne, hazina kabureta bali pampu ya umeme na sindano inayopuliza mafuta. Ni mashine nzuri, sitaki kuzisema vibaya. Huwaka vizuri asubuhi ya baridi na hutumia mafuta kwa kipimo. Ila pampu na sindano hutaka betri nzima na mafuta safi, na rejeta ikizibwa na tope la mbuga injini huchemka. Kabureta ikiziba kwa uchafu, kijana wako ataifungua kando ya njia, ataipuliza kwa mdomo na kuondoka. Sindano ikiziba utasukuma hadi mjini.

Na mafuta yetu mnayajua. Petroli ya chupa inayouzwa dukani kijijini mara nyingine ina maji, mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Injini yenye mgandamizo mdogo itakohoa lakini itakufikisha. Yenye mgandamizo mkubwa itaanza kugonga, na ukiendelea kuilazimisha itaharibu pistoni. Chuja petroli ya chupa kwa kitambaa safi kikavu, kiache kitulie kwanza chombo hicho, na usimwage ile ya chini kabisa ndani ya tangi. Maji hukaa chini.

Mnalijua jambo hili kwa ng'ombe. Fahali wa damu ya Ulaya ni mkubwa, lakini anataka majani, maji ya karibu na kuogeshwa bila kukosa. Zebu wetu mdogo anatembea hadi kisimani na kurudi. Wengi wenu mkachukua Borani, mkapata mwili bila kupoteza uvumilivu. Kwangu mimi pikipiki ya cc 125 au 150, ya kupozwa kwa upepo, yenye kabureta na kiki, ndiyo Borani wa pikipiki.

Kabla ya kuongeza cc, angalia meno

Hapa ndipo watu wengi hupoteza ng'ombe bure. Pikipiki inashindwa mlima, mwenyewe anaamua kuuza na kununua kubwa. Mara nyingi injini haina tatizo. Tatizo ni sproketi, yaani yale magurudumu mawili ya meno yanayoshika cheni.

Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Sproketi ya mbele inazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Ukiweka sproketi ya nyuma yenye meno 45, uvutaji unaongezeka kama asilimia 7. Ukiacha ya nyuma na kuweka ya mbele yenye meno 13, matokeo ni karibu yaleyale, kwa sababu jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma. Utapoteza mwendo kwa kiasi hichohicho, lakini kwenye njia ya ng'ombe mwendo huo ulikuwa hauutumii. Sproketi na cheni hazifikii hata bei ya mbuzi wachache, na fundi anazibadili kabla chai haijapoa. Badilisha zote pamoja na cheni kama zimekwisha, maana cheni ya zamani hula meno mapya.

Angalia pia chujio la hewa. Kiangazi cha vumbi kinaliziba, na injini isiyopumua huonekana kama imekosa nguvu. Nimeona pikipiki iliyolalamikiwa miezi mitatu ikapona kwa kusafishwa chujio tu.

Hesabu ya mafuta

Tuseme boma linatembea kilomita 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni kilomita 180. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita itakunywa lita 3.6. Inayokwenda kilomita 36 kwa lita itakunywa lita 5. Tofauti ni lita 1.4 kwa wiki, inaonekana ndogo. Kwa mwaka ni karibu lita 73. Zidisha kwa bei ya petroli ya kijijini kwako, siyo ya mjini, kisha ulinganishe na bei ya chanjo na dawa za kuogesha mnazosema hazinunuliki.

Nani anahitaji nguvu

Wapo. Kama biashara yako ni kukusanya maziwa, pima mzigo. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 21 au 22. Madumu matatu ni kilo 65, sawa na mtu mzima. Ukiyabeba kila siku kwenye njia ya kupanda, kama wafugaji wanaoshuka na kupanda bonde la ufa, cc 100 itachoka mapema. Chukua 150. Ukiwa mlimani kwa gia ya kwanza juani, simama kivulini kila baada ya muda injini ipoe, kwa sababu injini ya kupozwa kwa upepo haipati upepo ikienda taratibu. Osha tope kwenye mapezi yake.

Juu ya 150 sijaona boma la kawaida linalohitaji, isipokuwa pikipiki ya magurudumu matatu ya kubeba maji na majani. Na kumbuka zipo za cc 200 zenye injini ileile rahisi ya fimbo, kwa hiyo ukubwa siyo lazima uwe ugumu. Shida yake ni uzito. Jaribu hivi kabla ya kulipa: ilaze chini, kisha amwite mama wa boma au binti atakayekuwa anaitumia kwenda kliniki. Akishindwa kuiinua peke yake uwanjani, hataiinua kwenye mchanga wa korongo. Mpe pia apige kiki. Pikipiki inayowashwa na mwanaume mmoja tu ni ya huyo mwanaume, siyo ya boma.

Vijana, nguvu siyo ya kuswagia ng'ombe. Ng'ombe wanaokimbizwa na pikipiki huvunjika miguu mashimoni, wenye mimba wanaweza kutupa, na maziwa hupungua jioni. Swaga kwa miguu.

Na mbuzi au ndama asifungwe kichwa chini nyuma ya kiti. Anakosa pumzi, na mguu ukigusa ekzosi anaungua mpaka mfupani. Mweke ndani ya tenga, amelala kwa kifua, kichwa juu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama safarini, na mnunuzi naye humkataa mnyama aliyechubuka.

Siku ya kununua

Kabla ya kwenda mjini, nenda kwa fundi wa kituo cha karibu na boma lako. Muulize vitu vitatu: pikipiki zipi anazifungua kila wiki, vifaa vya zipi viko dukani hapohapo, na vya zipi huagizwa mbali. Pistoni, ringi, kleбel ya klachi na sahani zake, plagi, cheni: kama duka la mnadani halina, hiyo siyo pikipiki yako hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Ukinunua iliyotumika, ifike injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameiwasha mapema, shika injini kwa mkono na uulize kwa nini. Iwashe kwa kiki, siyo kwa selfu. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inayoungua, ringi zimekwisha. Chomoa kifuniko cha oili utazame: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Panda na mtu mzito nyuma, ukatafute kilima. Kisha soma namba ya injini na ya fremu iliyogongwa kwenye chuma, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayepokea fedha zako.