Ushindi wa Kasarani na Jina Lililo Kifuani

Jumapili ya tarehe 7 Julai 2019, Kariobangi Sharks walishuka uwanjani Kasarani, Nairobi, kupambana na Everton ya Uingereza. Ilikuwa mechi ya kirafiki, ambayo Waingereza huitumia kunyoosha viungo kabla ya msimu wao kufunguliwa. Duke Abuya akatangulia kuzitikisa nyavu kwa upande wa wenyeji. Kijana Nathangelo Markelo akawasawazishia wageni katika kipindi cha pili. Mambo yakaishia kwenye mikwaju ya penalti, na Sharks wakashinda 4-3.

Ukiupima kwa mizani ya ligi, ushindi ule haukuwa na pointi hata moja. Lakini Gor Mahia, kwa ukubwa wao wote, walikuwa wamekwisha kukutana na Everton mara mbili na kushindwa zote: 2-1 mjini Dar es Salaam mwezi Julai 2017, siku ambayo Wayne Rooney alifunga kwa kombora la mbali, kisha 4-0 huko Liverpool mwezi Novemba 2018. Timu ya mtaa wa Kariobangi ikafanya lililowashinda wakubwa.

Sisi wa Pwani tulikuwa na donge letu. Nafasi ya kucheza na Everton ilipatikana kwa kutwaa kombe lililochezwa Dar es Salaam mwezi Januari mwaka ule ule, na waliofungwa katika fainali, 1-0, ni Bandari yetu ya Mombasa, baada ya kuwatoa Simba 2-1 tena nyumbani kwao. Lau bao lile moja lingaliingia upande wa pili, vijana wa Mbaraki ndio wangalisimama Kasarani. (Bandari walilipiza mwezi Juni, walipowafunga Sharks hao hao 3-1 katika fainali ya ngao ya taifa. Donge likapungua kidogo.)

Furaha ya namna hii haina ubaya. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye. Wala mshindi kutunzwa zawadi na mfadhili si kamari. Kamari ni kila mmoja kuweka dau lake, kisha mmoja akaondoka na mali ya mwenzake pasi na jasho wala biashara. Hiyo ndiyo iliyokatazwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91.

Basi sasa tutazame kifuani. Kombe lile liliitwa SportPesa Super Cup, kwa jina la kampuni ya kubashiri matokeo ya mechi. Jina hilo hilo ndilo lililokuwa kwenye jezi za Everton tangu mwaka 2017, na ndilo lililobeba Ligi Kuu ya Kenya. Mtoto aliyeshangilia penalti za Sharks alilisoma mara nyingi kuliko alivyoyasoma majina ya wachezaji. Hakuna aliyemwambia acheze kamari. Alizoeshwa tu, na mazoea yana taabu. Akija kushika simu ya mamake yenye M-Pesa ndani yake, mlango haubishi hodi. Uko wazi kiganjani.

Wachezaji wetu wamewahi kuliona hili. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté wa Sevilla, mwenye asili ya Mali, alikataa kuitangaza kampuni ya kamari, na kwa muda akacheza na jezi isiyo na jina. Ndiye yule aliyetoa fedha zake mwaka uliofuata kuununua msikiti wa Sevilla ili Waislamu wa mji ule wasikose pa kusalia. Mwaka 2013 Papiss Cissé wa Newcastle alikataa jezi ya kampuni ya mikopo ya riba, akakosa safari ya maandalizi ya msimu nchini Ureno. Mwishowe, baada ya mashauriano, aliivaa. Simlaumu, palikuwa na mkataba na mwajiri mbele yake. Lakini mwanao hana mkataba na mtu.

Kumbuka pia kwamba wiki ile ile ya mechi ya Kasarani, leseni ya mdhamini ilikuwa tayari imekwisha muda, na serikali ikakataa kuihuisha pamoja na za kampuni nyingine nyingi. Mwezi Agosti kampuni ikatangaza kuondoa udhamini wake wote wa michezo nchini. Ligi ikabaki bila jina, na klabu zilizoutegemea mfuko ule zikaingia msimu mpya mikono mitupu.

Huko Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwezi Aprili 2023 kuyaondoa majina ya kamari mbele ya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Na hata kabla ya hapo, jezi za ukubwa wa watoto ziliuzwa kwao bila majina hayo, kwa kanuni waliyojiwekea wenyewe. Jezi za kuiga zinazofika sokoni kwetu hazina kanuni hiyo: ya mtoto wa miaka sita ina jina lile lile la ya mtu mzima.

Kumvua mtoto jezi aipendayo kwa nguvu kutaleta kilio, na pengine chuki. Mwite, mketi, msome pamoja jina hilo, umweleze ni duka la nini. Kisha mchukue sindano na uzi. Kwa jezi ya buluu ya Everton, kipande cha shati kuukuu la shule chatosha, na akitaka, mtarizie juu yake jina lake mwenyewe.